Malalamiko Kuhusu Gesi Iliyofunguliwa Ili Ionekane

Buyenzi, Barabara ya Ishirini na Moja,
Bujumbura.
Jumatano, 11 Novemba 1998

Kwa Mheshimiwa Bwana Mkurugenzi,
Ofisi ya Ulinzi wa Hewa ya Juu,
Bujumbura.

Mheshimiwa Bwana Mkurugenzi,

YAH: GRAMU MIA MBILI NA AROBAINI ZA GESI ZILIZOTOLEWA DIRISHANI NA OFISI YAKO

Natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima, na umekaa mahali penye kivuli, kwa sababu nitakazozieleza katika lalamiko la nne.

Mimi ni Soumaya Ilyasi, mwanafunzi wa mwaka wa nane. Nasoma zamu ya mchana, kwa hiyo asubuhi namsaidia Baba kusoma karatasi za Kifaransa. Kiswahili cha barua nimefundishwa na shangazi yangu Mwantum, aliyesoma Kigoma. Yeye anasema mtu mkubwa hapigiwi kelele. Anaandikiwa malalamiko yenye namba, ili ajue ameudhi mara ngapi. Nami nimefuata.

Jana, Jumanne, baba yangu, fundi Ilyasi wa friji, alikuja ofisini kwako kufanya mtihani wa cheti cha mafundi wanaojua kutoa gesi kwenye friji mbovu bila kuimwaga hewani. Mtihani una swali moja tu: leta mtungi wenye gesi uliyoitoa. Baba alileta mtungi. Mtahini wako, Bwana Térence, aliufungua ili aione gesi. Gesi ikatoka. Kisha Bwana Térence akaandika kwenye fomu maneno ambayo ilinibidi nimsomee Baba kwa sauti yangu mwenyewe: "Mtungi mtupu. Ameshindwa."

Kabla sijaanza kuhesabu, naomba nieleze gesi hiyo ilikotoka, kwa maana haikuokotwa njiani.

Tangu vita vianze, friji zimeshuka cheo mjini kwetu. Umeme ukikatika wiki mbili, friji inakuwa kabati. Mtaani Musaga nimeona friji iliyojaa magauni, na nyingine ambamo kuku anataga kwenye sehemu ya mayai, jambo ambalo nadhani ndilo kiwanda kililolikusudia. Wanaohama wanaziacha nyuma. Nyingine zina matundu ya risasi mlangoni. Na kwa kuwa nchi jirani zimetuwekea vikwazo, vipuri haviji, basi friji ikiugua imekufa. Zinaletwa Buyenzi kwa mkokoteni, kwa jirani yetu Rachidi, mkata vyuma. Mabati yake yanakuwa majiko ya mkaa, na mabomba ya shaba yanakwenda kwa wafua vyuma.

Zamani Rachidi alikuwa anakata bomba kwa koleo, pssss, na watoto wa barabara nzima wanapiga makofi. Alikuwa akiwaambia friji inakata roho.

Mwaka jana ofisi yako ilimwita Baba kwenye semina. Alirudi na kofia, kalamu na huzuni. Alituambia kwamba ile pssss inapanda juu kabisa na kutoboa tabaka linalotukinga na ukali wa jua, na tundu lake linachukua miaka mingi kuziba. Hakuvua hata kofia. Alikwenda moja kwa moja kwa Rachidi.

"We Rachidi! Unatoboa mbingu na koleo!"

"Ilyasi, huko juu mabomu yanapita kila siku," Rachidi akamjibu bila kuinua kichwa. "Ile mbingu iko na matundu kuliko chujio. Na ya kwangu ndiyo itaonekana?"

Baba alimnyang'anya koleo. Tangu siku hiyo kila friji inapita kwanza mikononi mwa Baba.

Kwenye semina walionyeshwa picha ya mashine ya kunyonya gesi. Mashine yenyewe iko ofisini kwako, moja kwa nchi nzima, nami nitairudia. Baba hana mashine, basi anatumia baridi. Anaiweka friji mbovu juani mpaka mgongo wake uunguze mkono. Analibana bomba kwa kibanio chenye sindano inayolitoboa bila kuvuja, anaunganisha mpira, na mpira unaishia kwenye mtungi wa chuma alioutoa hewa yote na kuufukia kwenye ndoo ya barafu na chumvi. Gesi inaikimbia friji yenye joto, inaingia kwenye mtungi wenye baridi, inageuka maji na kutulia. Baada ya hapo tunapeleka mtungi kwenye mizani ya mama anayeuza samaki wadogo wa ndagala, naye anaturuhusu kwa sharti la kuufuta kwanza. Mimi naandika uzito kwenye daftari.

Tulishughulikia friji kumi na moja kwa miezi mitatu. Saba hazikuwa na kitu. Kutu na risasi zilitutangulia. Nne zilitupa gramu mia mbili na arobaini kwa jumla.

Gramu hizo zilikuwa na kazi yao. Katika zahanati moja ndogo ya Kinama kuna friji kubwa ya chanjo. Mashine yake ni nzima, mlango wake unafunga, lakini gesi ilivuja, na gesi mpya haiingii nchini. Kila asubuhi muuguzi Spès anabeba chanjo kutoka mjini kwenye sanduku la barafu. Saa sita barafu imekwisha, na akina mama waliobaki kwenye foleni wanarudi nyumbani na watoto wao kama walivyokuja. Dada yangu Waridi ameolewa huko. Mwanawe Khaled ana miezi kumi na alitakiwa kuchanjwa surua akiwa na tisa. Amerudishwa mara tatu. Na surua, Bwana Mkurugenzi, imeshafika mtaa wa pili kutoka kwao; mwezi uliopita walizika watoto wawili. Friji ile inahitaji gramu mia mbili na thelathini. Sisi tulikuwa na kumi za ziada.

Kwa nini Baba hakuzipeleka moja kwa moja? Kwa sababu hana cheti. Mtungi wa chuma wenye mpira na saa ya kupimia, ukiwa umebebwa na mwanamume mwenye ndevu, haupiti kwenye kizuizi cha askari, kwa kuwa wanadhani ni bomu. Mara mbili Baba amelazwa kifudifudi barabarani, na mara ya pili kikosi kizima kiliukimbia mtungi, kikamwacha Baba peke yake aulinde. Walimwambia akirudi bila karatasi yenye mhuri, mtungi utapigwa risasi kwanza na yeye atafuata. Ndiyo maana tulikuja kwako.

Sasa naanza kuhesabu.

KWANZA, ni juu ya kuona. Bwana Térence alisema, "Fundi, mi siwezi andika kitu mi sijaona."

Baba akasema, "Gazi haionekane, shefu."

"Basi nitainusa."

"Haina harufu, shefu."

"Haionekane, haina harufu. Sasa we ulijuaje kama uliikamata?"

Nakiri kwamba swali hilo ni zuri, na limenisumbua mpaka asubuhi. Lakini kama ofisi inaandika tu vitu ilivyoviona, naomba kujua ni nani kati yenu aliyeliona lile tabaka la juu mnalolilinda, na kama alipanda mwenyewe au alimtuma mtu.

PILI, ni juu ya mizani. Fomu yako, ukurasa wa pili, inasema mtungi upimwe. Nilimsomea Bwana Térence mstari huo kwa heshima. Alinijibu, "Mutoto, mizani iko sokoni. Madamu wangu anapima nayo maharagi. Ikiisha maharagi, itarudi." Siulizi maharagwe hayo ni magunia mangapi. Nasema tu kwamba Baba, ambaye hana ofisi, alipata mizani, na ofisi, ambayo ina mizani, haikuipata.

TATU. Wiki iliyotangulia, vilevile siku ya Jumanne, fundi Jovithe wa Musaga alifanya mtihani na gramu mia moja na themanini. Akirudi alipita kwetu, akakaa juu ya friji moja, akaomba maji, akasema, "Wameifungula yote, Ilyasi. Eti waone." Naye kwenye fomu yake wameandika mtungi mtupu. Kwa hiyo jambo hili si bahati mbaya. Ni utaratibu. Nimejumlisha Jumanne zote mbili nikapata gramu mia nne na ishirini. Rachidi, katika ujana wake wote na koleo lake, hakuwahi kufikia kiasi hicho kwa wiki moja. Ofisi ya Ulinzi wa Hewa ya Juu ndiyo mkata mabomba mkubwa kuliko wote mjini Bujumbura. Rachidi ameumia sana kusikia hivyo, kwa maana alidhani ni yeye.

NNE. Kama gesi inapanda juu, na kama ilitokea dirishani kwako, basi tundu liko juu ya paa lako. Ndiyo sababu nimetaja kivuli. Naomba wafanyakazi wote wapewe mwavuli, na Bwana Térence apewe wa kwanza, kwa kuwa kichwa chake hakina nywele za kumsaidia. Lakini mwalimu wetu wa jiografia anasema hapana, tundu kubwa liko kwenye ncha ya kusini ya dunia, ambako wanaishi ndege wasioruka. Kama ni hivyo, kosa limezidi. Katika vita hivi kila upande una sababu zake, na redio inazisoma kila asubuhi. Ndege wale hawana ugomvi na mtu yeyote wa Burundi. Naomba ofisi iwaandikie barua.

TANO, ni juu ya mashine. Nilimwuliza Bwana Térence kama anaweza kuitumia mashine ile kuipokea gesi, badala ya kuifungulia. Alinionyesha sanduku lake kwa mbali. Limefungwa kwa kamba za kiwandani, na juu yake kuna chombo cha maua. Alisema haitolewi kwa sababu itaingia vumbi. Bwana Mkurugenzi, nasikia wakubwa wamekwenda Arusha kutafuta namna ya kusimamisha mapigano. Mimi naomba mbingu nayo ipewe kiti pale mezani, hata kama ni cha nyuma. Kifungu chake nimeshakiandika ili wasipate taabu: "Pande zote zinaweka chini koleo." Rachidi ameshaweka. Inasubiriwa ofisi.

SITA, na hapa ndipo penye ombi langu. Tulipokuwa tunangoja kwenye benchi, nilisikia friji ikinguruma nyuma ya mlango. Bwana Térence aliifungua mara nne kwa muda wa saa moja. Ndani mna bia, nusu papai, na faili moja ambalo sikuelewa limekosa nini. Friji hiyo ina gesi. Ofisi imemwaga gesi ya watoto wa Kinama. Kwa hiyo naomba friji ya ofisi iletwe Buyenzi kwa mkokoteni. Baba ataitoa gesi yake kwa utaratibu wa semina, bila kupoteza hata pumzi moja, na kuipeleka kwa muuguzi Spès. Bia zitawekwa kwenye ndoo yetu ya barafu, ambayo tangu jana haina kazi. Sisi ni Waislamu, lakini tutaigeuzia ndoo mgongo. Kiasi kitakachopungua kichukuliwe kwenye friji ya nyumbani kwa Bwana Térence. Kikizidi kupungua, kwenye ya kwako. Mlango wa friji ya ofisi utarudishwa, kwa maana Rachidi anasema unafaa sana kuwa ubao wa matangazo. Tangazo la kwanza liwe cheti cha Baba.

Kuna jambo moja ambalo sikulipa namba, kwa kuwa sijui ni kosa la nani. Mtungi wetu ukifunguliwa, mdomo wake huota barafu nyeupe. Siku moja kidole changu kilinata. Jana haukuota. Gesi yote ilitoka na mdomo ukabaki mkavu. Nadhani ni joto la ofisi yako, au chuma nacho kiliona aibu.

Jambo jingine ni Baba mwenyewe. Jumatatu, siku moja kabla ya mtihani, alifunga karakana akaenda Kinama kumsalimu Khaled, jambo ambalo hafanyi kamwe siku ya kazi. Nikasema moyoni, amekwenda kumwangalia mjukuu ili apate nguvu ya mtihani. Na jana, aliposomewa kwamba ameshindwa, hakubisha. Alisema, "Ego, shefu," yaani ndiyo, akakunja mpira wake, tukatoka. Nyumbani aliomba kuongezewa ugali. Mimi wangu niliuacha sahanini. Nilimwuliza kama hakasiriki, akaniambia, "Binti yangu, kula." Basi nikaona kwamba kama Baba amenyamaza, mimi ndiye niliyefundishwa kuandika.

Sikuandika kwa ubaya. Semina yako ndiyo iliyomfanya Baba akamate gesi ya friji nne, wakati ambao watu wazima wengi mjini hapa wanakamatana wao kwa wao. Ofisi iliyomfundisha jambo jema vile haiwezi kukosa kujua namna ya kulipima. Ndiyo maana nasubiri jibu lako, na nimemwambia Waridi asubiri pia.

Wasalimie wafanyakazi wote wa ofisi. Msalimie mke wa Bwana Térence, maharagwe yake yaishe salama. Isalimie mashine ndani ya sanduku, na uibadilishie maua. Shangazi Mwantum anakusalimu. Rachidi anakusalimu, na anauliza kama zile kofia za semina zilibaki.

Ni mimi, ambaye bado naitegemea ofisi yako,

Soumaya Ilyasi

Nyongeza, Jumamosi, 14 Novemba

Bwana Mkurugenzi, barua hii imelala kwetu siku tatu kwa sababu njia ya kwenda posta ilikuwa imefungwa. Leo asubuhi dada yangu Waridi amekuja na Khaled mgongoni. Mtoto ana homa kidogo, mkono umevimba, na ametukasirikia wote. Amechanjwa. Alichanjwa juzi Alhamisi, pale Kinama, saa tisa alasiri, saa ambayo barafu ya muuguzi Spès huwa imegeuka maji zamani. Nikauliza imewezekanaje. Waridi akanishangaa: friji ya chanjo inanguruma tangu Jumatatu, na foleni hairudishwi tena.

Nilimgeukia Baba. Alikuwa anaangalia juu, kama mtu anayetafuta tundu.

Gesi yetu iliondoka nyumbani Jumapili, ndani ya mfuko wa Waridi, chini ya nepi za Khaled, ambazo hazikuwa safi. Pale kizuizini askari mmoja alifungua mfuko akaingiza pua. "Pita, mama, pita! Pita na mutoto wako!" Jumatatu Baba alifuata na vifaa vyake, akaijaza friji, akarudi na mtungi mtupu ndani ya mfuko uleule, chini ya nepi zilezile. Mtungi aliokuletea Jumanne ulikuwa umejazwa kwa pampu ya baiskeli ya Rachidi. Rachidi alijua. Shangazi Mwantum alijua. Mimi sikuambiwa, kwa sababu, Baba anasema, ningemsomea Bwana Térence na hilo pia, kwa heshima.

"Nilisikia mambo ya Jovithe," Baba ameniambia. "Mutu anataka kuona gazi, mi nikamuletea upepo. Aone."

Kwa hiyo inanipasa kusahihisha. Bwana Térence aliandika "mtungi mtupu", na mtungi ulikuwa mtupu. Ofisi yako haikumwaga hata gramu moja ya Baba. Lalamiko la kwanza, la pili, la nne, la tano na la sita nayafuta. Friji yenu ibaki, pamoja na bia, papai na lile faili. La tatu linabaki nusu, kwa sababu Jovithe ni mtu mkweli na alileta gesi ya kweli. Wale ndege wanawadai gesi ya Jovithe tu. Mwavuli wa Bwana Térence naomba usifutwe.

Shangazi anasema barua inayojikana yenyewe haitumwi. Lakini nimeiandika kwa wino bila kukosea, na stempu nimeshabandika.

Cheti bado nakiomba. Baba hakufanya vizuri kwenye mtihani wako, lakini jana zimeletwa friji nyingine tatu, moja haina tundu hata moja, na kuna zahanati nyingine imetuma mtu kuuliza. Naomba kitoke mapema. Khaled ameshaanza kusimama kwa kushika ukuta, na Waridi anasema nepi hazitatufikisha mwakani.